Vidonge Juu ya Kadibodi

Pangnirtung, 14 Septemba 2007

Dada yangu mkubwa Ulayu,

Hujambo huko Ottawa? Mimi sijambo, ukiacha masikio, ambayo yamezidi kuziba, na magoti, ambayo yanapiga kelele kwa niaba ya masikio. Kaka yako Jaypeetee hajambo, na mkewe Ragilee anakusalimu. Wananisumbua nikupigie simu. Sitaki. Kwenye simu nasikia upepo tu, halafu najibu maswali ambayo hukuuliza. Karatasi naielewa.

Najua wenzako wa huko kusini wanacheka wakisikia bibi wa miaka sitini na minane anamwita binti yake dada. Waache wacheke. Ulizaliwa mwezi mmoja baada ya dada yangu kufa, nikakupa jina lake, na tangu siku hiyo wewe ndiye mkubwa na mimi ndiye mdogo. Ila usisahau kwamba nilikuzaa mimi, kwa hiyo usinipande kichwani.

Tangu tumzike baba yako nyumba haina harufu ya samaki. Pikipiki yake ya theluji imelala nyuma ya nyumba, mashine imekufa. Jaypeetee anaendesha lori la kupelekea watu maji majumbani, kutwa nzima, na akirudi hana nguvu hata ya kuvua viatu, sembuse kuvua samaki. Kwa hiyo tunakula vya dukani: tambi za pakiti, soseji, biskuti. Tumbo linajaa lakini sishibi.

Sasa sikiliza. Nesi mpya wa zahanati alinitoa damu, ikapelekwa kupimwa, majibu yamerudi. Anasema vitamini D, ile inayotoka kwenye jua, iko chini mno mwilini mwangu, na mifupa inakonda. Nikamwambia, mimi mwenyewe sikondi, iweje mifupa ikonde peke yake? Akasema ninywe maziwa. Maziwa, mimi? Nikinywa kikombe kimoja nyumba nzima inajua. Akasema nikae juani. Nikamwonyesha dirisha, nikamwambia karibuni jua linaingia nyuma ya mlima na halitoki hadi Februari. Akaniuliza zamani nilikuwa nakula nini. Nikamtajia: samaki mwekundu aliyeganda, mbichi, mafuta ya sili, ngozi ya nyangumi na mafuta yake. Akasema basi hivyo ndivyo vilivyokuwa dawa yenyewe. Ana akili yule nesi, ila amechelewa kuja.

Kinachoniuma ni kimoja. Nilitaka mwezi wa tano niende kwenye ziwa la baba yako, nikae juu ya barafu mahali pake, nivue. Nesi anasema mifupa hii nikiteleza mara moja sitaamka. Nisaidie, dada. Wewe unafanya kazi na wagonjwa, unajua mambo haya.

Mdogo wako, ambaye pia ni mama yako,
Qaunaq


Ottawa, 6 Oktoba 2007

Mama yangu, mdogo wangu mkaidi,

Masikio hayo niyasalimie, na magoti yaambie yatulie. Mimi ni mzima, uchovu tu. Huku majani ya miti yamegeuka rangi na watu wanayapiga picha.

Barua yako ilinikuta kazini, katika nyumba yetu ya kuwapokea wagonjwa wanaoletwa kutoka kaskazini. Niliisoma nimekaa karibu na bibi mmoja wa Igloolik. Bibi huyu hakuteleza kwenye barafu, hakuanguka kwenye mashua. Alitoka kitandani kwenda chooni, nyonga ikavunjika. Yuko hapa mwezi wa nne sasa. Kila asubuhi ananiuliza kama ndege imefika. Namvisha soksi, naona miguu yako. Mama, nakuogopea kuliko ninavyoweza kuandika.

Nakutumia makopo matatu ya vidonge vya vitamini D. Kila kopo lina vidonge mia. Unameza kimoja asubuhi baada ya chai, kila siku, hata siku unayojisikia vizuri. Siyo vya maumivu. Vinafanya kazi polepole, kimya kimya, vinasaidia mifupa ishike chakula chake. Makopo haya yatakuvusha giza lote mpaka jua lirudi, na zaidi. Samaki naye asiachwe. Mwambie Jaypeetee mimi ndiye nimesema atengeneze ile mashine ya baba. Akikataa mwambie dada yako mkubwa amekasirika, tuone kama atacheka.

Baba tumemzika Februari. Sina nguvu ya kuanza tena. Meza vidonge, na mwezi wa tano nitachukua likizo, tutakwenda ziwani pamoja, wewe uvue na mimi nilalamike baridi. Niahidi.

Mwanao na dada yako,
Ulayu


Pangnirtung, 2 Desemba 2007

Dada yangu mkubwa,

Umelalaje, umeamkaje, umekula nini leo? Usiniambie mkate. Sisi tupo. Jua limeshatutoroka. Mchana tunaona mwanga wake tu juu ya mlima ng'ambo ya maji, halafu basi.

Vidonge vilifika, na nataka ujue vimeleta furaha kubwa. Siku ile ile nilimwambia Ragilee apige simu redioni, kama tunavyotangaza mtu akiua sili, kwamba Qaunaq ameletewa chakula cha mifupa na binti yake wa Ottawa, mwenye shida na aje. Ungeona. Nilitandika kadibodi sakafuni, nikavimwaga vyote juu yake, nikaketi na ulu yangu, kile kisu changu cha kukatia nyama. Wakaja na vikombe, wakaja na mifuko. Mzee Towkie alikuja na sufuria. Nikamwambia, Towkie, unakuja kuchota supu? Akasema hakuelewa tangazo, lakini kwa Qaunaq haji mtu na mikono mitupu.

Leetia wa nyumba ya bluu nilimpa vingi, kwa sababu anajua kuumwa miguu kuliko mimi na ana wajukuu saba. Wengine vilipokaribia kuisha niliwakatia nusu kwa ulu. Vigumu kukata, vinaruka. Kimoja kiliingia chini ya friji na kiko huko mpaka sasa. Mimi nilipata vinne, kwa sababu anayegawa huchukua mwisho, wewe unajua. Watu walicheka, walikunywa chai, walikusifu. Tangu baba yako afe nyumba haikuwahi kujaa vile. Nilipolala nilisema, leo nimegawa tena.

Basi tuma vingine. Safari hii tuma vingi, kwa kuwa watu wa upande wa uwanja wa ndege hawakupata.

Mdogo wako anayekupenda,
Qaunaq


Ottawa, 15 Desemba 2007

Mama,

Sijui nianzeje kukusalimu. Nimesoma barua yako mara mbili, nikaenda kulia kwenye chumba cha kufulia ili wagonjwa wasinione.

Vinne. Katika vidonge mia tatu, umemeza vinne.

Ile haikuwa nyama ya sili, mama. Ilikuwa dawa yako, imepimwa kwa damu yako. Ukimpa jirani nusu kidonge, yeye hapati kitu na wewe hupati kitu. Mmegawana hewa. Leetia ana watoto wakubwa, wamnunulie wao. Towkie ana mwana anayefanya kazi serikalini. Mimi nina mama mmoja. Huku kila mtu ana kopo lake lenye jina lake, limekaa kabatini kwake, na hakuna anayeona aibu, na hakuna anayekufa kwa kuwa hajagawa.

Nakutumia kopo moja. Nimeandika jina lako kwa wino mweusi pande zote. Lifiche. Usimwonyeshe mtu, usimtajie mtu, na ukisikia mlango unafunguliwa lirudishe mahali pake. Ukigawa hata kimoja, sitatuma tena, na mwezi wa tano sitakuja.

Nimesema vibaya, lakini naiacha hivyo hivyo kwa sababu nataka unisikie.

Ulayu


Pangnirtung, 3 Machi 2008

Ulayu,

Hujambo. Sijambo.

Kopo lilifika Januari. Nimelificha. Nakula kimoja kila asubuhi, kama ulivyoagiza.

Jua limerudi. Upepo ni mwingi.

Qaunaq


Ottawa, 22 Machi 2008

Mama yangu,

Uko salama? Mifupa inasemaje? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia.

Hukuniita dada. Nimeigeuza karatasi nikatafuta kama umeandika upande wa pili. Tangu niseme neno langu la kwanza hujawahi kuniita kwa jina tupu. Nilitaka umeze vidonge, na unameza, kwa hiyo nilipaswa kufurahi. Sijafurahi.

Niliandika kwa ukali na ninaomba radhi kwa ule ukali. Maana yake siiombei radhi. Yule bibi wa Igloolik niliyekuambia amerudi kwao wiki iliyopita. Ndege ilimchukua, lakini hakukaa kwenye kiti, alikuwa ndani ya jeneza. Mimi ndiye niliyemvika nguo za safari. Ndiyo maana nasema hivi unavyonisikia.

Kuna jambo jingine, usinikasirikie mara mbili. Mwezi wa tano hawaniruhusu, tumepungukiwa wafanyakazi. Wamenipa Juni. Barafu ya ziwa itakuwa bado ipo, nimemwuliza Jaypeetee. Anasema anaihangaikia ile mashine ya baba. Nisubiri Juni, mama. Usiende peke yako. Na ukiandika tena, niite ninavyoitwa.

Mwanao, dada yako ukipenda,
Ulayu


Zahanati, Pangnirtung, 11 Mei 2008

Dada yangu mkubwa,

Unaona, nimekuita. Hujambo? Mimi leo siwezi kusema sijambo, ungejua kuwa nadanganya.

Naandika nimelala, ndiyo maana mistari inateremka. Jaypeetee amekupigia simu, kwa hiyo unajua nyonga imevunjika. Usije ukafikiri nilikwenda ziwani. Nilikusubiri. Lakini juzi ile mashine ikawaka, dada. Ikawaka na kelele zake zile zile za baba yako, hata mimi kiziwi nikasikia. Jaypeetee akaenda, akarudi na samaki wanane, wakubwa, wekundu hasa. Tukatangaza redioni. Nikatandika kadibodi, nikakaa sakafuni, nikakata. Watu wakala mpaka wakanyamaza. Hata mimi nilikula, nilikula vichwa viwili peke yangu. Kisha nikataka kuinuka ninawe mikono. Sikuteleza. Mfupa ulivunjika kwanza, nikiwa bado sijasimama sawasawa, kisha ndipo nikaanguka. Nesi anasema hutokea hivyo. Haina maumivu sana kama silali upande huo.

Ndege ya wagonjwa inatakiwa ije kunipeleka Iqaluit, na kutoka huko kuja kwako. Lakini upepo wa ghuba hii kati ya milima unaujua. Leo siku ya pili haiwezi kutua. Kifua kimeanza kunibana na nesi haniachi. Anajitahidi, asilaumiwe.

Sasa nataka kukuambia habari za lile kopo, kwa sababu nimekuwa nikilibeba moyoni.

Nililificha kwenye mfuko wangu wa kushonea, chini ya ngozi. Kila asubuhi nilisubiri Ragilee atoke, nikajifungia chooni, nikameza. Nilikuwa nafungua bomba la maji ili usisikike mlio wa kopo. Dada, katika maisha yangu nimeona njaa, nimeona mwaka ambao mbwa walikufa na sisi tukala kamba za ngozi. Hata mwaka ule hakuna mtu aliyekula amejificha. Nilianza mwezi wa kwanza nikaendelea mpaka mwanzo wa Aprili, na kila siku niliona haya kumtazama Ragilee usoni. Ile barua yangu fupi niliiandika siku hizo. Sikuwa na neno la kukuambia. Nilijiona mwizi, na wewe ndiye uliyenifundisha, na nilikuwa nimekukasirikia sana.

Kisha Aprili Ragilee akaniambia ana mimba. Wamesubiri miaka sita, wewe unajua. Alikuwa amekonda, anakula biskuti tu, meno yanamuuma. Nikaenda kwenye mfuko, nikatoa kopo, nikamwekea mkononi na jina langu likiwa limeandikwa pande zote. Alilia. Nikapumua vizuri siku ile, kwa mara ya kwanza tangu kopo lile lifike.

Kwa hiyo nimekuasi. Nisamehe. Usiseme kwamba ningemeza vyote nisingevunjika. Nilimwuliza nesi jambo hilo kwa ajili yako, kwa kuwa najua utajiuliza. Akasema mifupa hii iliharibika polepole, kwa miaka, na kopo moja lisingeijenga upya. Nafikiri alisema kweli. Na kama alisema kunifariji, wewe iamini hivyo hivyo.

Na wewe nimekusamehe. Ulikuwa unaogopa. Mtu akiogopa hufunga mlango.

Mwambie Ragilee, kama nitakuwa nimekwenda, mtoto apewe jina langu, awe wa kike awe wa kiume. Nataka kurudi na mifupa mipya. Na mumlishe samaki.

Upepo umetulia kidogo sasa, au ni masikio yangu.

Mdogo wako daima,
Qaunaq


Ottawa, 9 Novemba 2008

Kwa Qaunaq, mtoto wa Jaypeetee na Ragilee
(Ragilee, msomee kwa sauti. Najua ana wiki mbili. Msomee tu.)

Mama yangu mdogo,

Hujambo? Umelalaje, umenyonya vizuri? Jaypeetee anasema una sauti kubwa na hutaki kufunikwa miguu. Nimecheka, halafu nimelia, halafu nimekaa kukuandikia.

Barua yako ya mwisho niliipokea mkononi mwa kaka yangu, kwa hiyo sikuijibu. Nilikuwa Iqaluit siku zile, mama. Nilikaa kwenye viti vya uwanja wa ndege siku mbili, begi mapajani, nikitazama ubao unaoandika kwamba Pangnirtung ndege hazitui. Ulikuwa mwendo wa saa moja tu hewani. Siku ya nne tangu uvunjike upepo ukaacha, nikapanda, na nilipotua Jaypeetee alikuwa amesimama nje ya lori la maji, kofia mkononi. Nilijua umeshakwenda. Alinipa barua yako, nikaisoma humo ndani ya lori na injini inanguruma.

Watu walijaa nyumbani. Leetia wa nyumba ya bluu aliniletea kikombe cha plastiki. Ndani yake kulikuwa na vidonge kumi na kimoja na nusu. Alisema alikuwa anavila taratibu ili visiishe, kwa kuwa vilitoka kwako. Towkie naye alikuja. Aliisogeza friji peke yake, mzee wa miaka themanini, akapiga magoti, akakitafuta kile kilichoruka. Alikipata kimejaa vumbi. Akakipuliza, akakiweka mfukoni mwa koti langu. Ninacho hapa.

Nimekaa miezi sita na hasira, na sikujua ni ya nani. Nilimkasirikia nesi, nikamkasirikia Jaypeetee na ile mashine, nikakukasirikia wewe. Sasa najua. Nilikupelekea chakula cha mtu mmoja. Wewe, ambaye hukuwahi kula peke yako, nilikutumia chakula cha mtu mmoja kisha nikakutukana kwa kutandika kadibodi. Wiki kumi na mbili ulimeza umejifungia chooni na maji yamefunguliwa, ili mimi nilale. Naiona picha hiyo kila nikifungua bomba. Nesi alisema kweli, kopo moja lisingekuokoa. Lakini aibu ile nilikupa mimi, na hukuistahili.

Basi sikiliza, mama. Pamoja na barua hii kuna sanduku. Nimezungumza na nesi wenu kwa simu, nimemwuliza nani apewe na kiasi gani. Kuna kopo la Leetia, limeandikwa jina. La Towkie, limeandikwa jina, na asije na sufuria. La Ragilee. Kuna makopo ya bibi wote watatu wa upande wa uwanja wa ndege ambao mara ile hawakupata. Wenzangu wa kazini walichanga, wale wale uliosema wanacheka. Jaypeetee atangaze redioni, nesi awe amekaa hapo hapo, kadibodi itandikwe. Kila atakayegonga mlango wako atakuta fungu lake linamngoja, na hakuna atakayehitaji lako.

Kwenye kona, ndani ya soksi ya sufu niliyokufumia, kuna kichupa kidogo kuliko vyote. Ni matone ya vitamini D ya watoto wachanga. Ragilee, tone moja kwa siku, kama nesi alivyokuonyesha, mpaka aanze kula samaki mwenyewe.

Hicho nimekiandika Qaunaq pande zote, na hukifichi. Kiweke mezani watu wakione.

Nakuja Juni. Baba yako ataiwasha ile mashine, tutakwenda ziwani, nitakufunga mgongoni ndani ya koti langu. Nimekuwa dada yako mkubwa kwa miaka thelathini na mmoja, na miaka yote hiyo wewe ndiye uliyekuwa unanibeba. Sasa nimekuwa mkubwa kweli.

Kunywa tone lako, mdogo wangu. Wengine wote wameshapata.

Dada yako, mwanao,
Ulayu